Mwende Ameitwa Alabama

Mansfield, Texas, Jumapili jioni, mwisho wa Aprili

Dada Mumbua,

Nakuandikia kutoka meza ya jikoni. Musyoka amesinzia kwenye kochi na kiatu kimoja mguuni, na Mwende yuko chumbani kwake, anaongea na simu na kucheka. Nimeanza na hicho kicheko kwa sababu najua ndicho ungekiulizia kwanza. Kilichelewa kurudi, lakini kimerudi.

Ningeweza kuyaandika haya kwenye shajara yangu, tarehe juu na mambo chini, kama ninavyofanya tangu kidato cha pili. Nilijaribu jana usiku. Tatizo la shajara ni kwamba haimkatizi mtu. Wewe ulikuwa hunipi hata dakika: "Ndunge, fika! Huyo mtu alikufa au alipona?" Leo itakubidi uvumilie. Nitapita njia yote, kwa sababu mwisho wake unakuhusu wewe kuliko mtu yeyote, na sitaki uusikie kabla ya kujua tulivyoufikia.

Jambo lenyewe ni chuo. Mwende anamaliza sekondari mwezi ujao, na ilibidi achague: akasomee uhandisi Houston, ulipo wewe, au aende Alabama, ambako hatuna hata mtu mmoja wa kumpigia simu gari likiharibika.

Unakumbuka sisi tulivyokuwa tukipata shule. Unafanya mtihani, wakubwa wanaangalia alama, kisha siku moja inakuja barua: umeitwa mahali fulani, kozi fulani, njoo na blanketi na ndoo. Ulikuwa huru kwenda au kukataa, na nani alikataa? Ulipoitwa kusomea uuguzi, Baba alivaa tai kwenda kiwandani, tai katika lile vumbi la saruji la Athi River, na nyumba zote za kampuni zikajua sababu. Mimi sikuitwa popote. Ndiyo maana mambo ya vyuo vya hapa nimeyaangalia kama mtu anayechungulia jikoni kwa watu. Nataka kujua kila sufuria ina nini.

Kumbe hapa mtoto ndiye anayeomba, tena vyuo vingi kwa pamoja, na vyuo navyo vinamtafuta mtoto. Mwende alipofanya ule mtihani mkubwa na alama zikatoka nzuri, sanduku letu la barua lilianza kujaa. Vijitabu vya rangi, karatasi nzito kama ya kalenda, jina lake limechapwa kila ukurasa. "Mwende, tunakuona hapa." "Mwende, nafasi yako inakungoja." Yeye alivitupa bila kuvifungua. Musyoka alivitoa kwenye pipa, akavipangusa, akavisoma.

Sasa sikia alichofanya shemeji yako. Jumapili moja ya Oktoba, kanisani kwetu Arlington, wakati wa matangazo, nikaona mtu ananyanyuka kando yangu, ameinua kijitabu juu kama Biblia.

"Bwana asifiwe, kanisa!"

Kanisa likaitika.

"Mtoto wetu Mwende, mwana wa marehemu dada yetu Mumbua, ameitwa! Ameitwa Alabama, kusomea uhandisi!"

Akina mama walipiga vigelegele. Mama mchungaji alishuka na leso akamfunga Mwende mabegani, watu wakacheza mpaka mlangoni. Mimi pia nilicheza, usinicheke. Jina lilikuwa limeandikwa pale, na "nafasi yako inakungoja" kwa mtu wa kwetu ina maana nyingine gani? Mwende alisimama katikati yetu akitabasamu kwa meno tu.

Kwenye gari ndipo aliposema, kwa Kiingereza chake cha polepole anachotumia akikasirika, kwamba hayo ni matangazo ya biashara. Kwamba wanamtumia kila mtoto mwenye alama kama zake. "Anko, mimi hata sija-apply."

Tukapita mataa kadhaa. Kisha Musyoka akasema, "Basi apply. Kanisa limeshacheza."

Na aka-apply, Dada. Nusu kwa utani, nusu kwa kumhurumia anko wake asionekane mwongo. Houston aliomba kwa moyo, Alabama aliomba kwa ajili ya vigelegele.

Vyuo vyote viwili vilitaka insha, akaandika juu ya ule ufa wa kwenu Houston, wa juu ya mlango wa jikoni. Unakumbuka ulivyomgombeza kwa kuchora ukuta wa mwenye nyumba na penseli? Alikuwa akiweka alama mahali ufa ulipofika na kuandika mwezi pembeni. Kumbe aliona unafunguka kiangazi na kujifunga mvua zikishika. Ukamwambia wewe mwenyewe, huku unakaanga vitunguu, kwamba hata Athi River nyumba zilikuwa zikipasuka hivyo hivyo, kwa sababu ya ule udongo mweusi. Nilikuwepo, nimekuja kukutembelea. Aliacha kula. Alitaka kujua udongo wa kwetu na udongo wa Texas wamejuania wapi. Ukamwambia, "Muulize mama yako mdogo, yeye ndiye mwenye maswali."

Hapa Mansfield watu huimwagilia nyumba maji. Nilipofika nilidhani ni wendawazimu. Wanalaza mpira wenye vitundu kuzunguka msingi wakati wa joto, ili ardhi isikauke ikanywea na nyumba ikakaa upande. Siku hizi mpira wetu anaulaza Mwende, na Musyoka haruhusiwi kuugusa.

Majibu yalikuja baada ya Krismasi. Shajara inasema la Alabama lilifika siku ya mvua ya mawe, Musyoka akiwa nje anafunika gari na magodoro. Houston walimkubali na kumpunguzia ada kidogo. Alabama walimkubali na kusema watalipa ada yote na chumba, mpaka amalize, mradi wastani wake usishuke. Ni ufadhili wa alama. Hauulizi mzazi anafanya kazi gani, wala kama yupo.

Musyoka alisema ni mkono wa Mungu, akarudi kwenye magodoro yake. Mimi nilibaki na swali. Kwa nini? Mtoto si wao. Hakuzaliwa kwao, hatulipi kodi kwao, hata jina lake hawajui kulitamka. Mtu wa mbali akikupa kitu kikubwa hivyo, unataka kujua anachotafuta.

Nikapiga simu ofisini kwao wakati wa mapumziko ya kazi. Alipokea kijana mwenye sauti ya kuvuta maneno. Nikamwambia mimi ni mama mdogo wa mtoto, sina malalamiko, nina swali moja tu: nyinyi mnapata nini? Akacheka, lakini si kwa dharau. Akaniambia Texas imejaa watoto wenye alama za namna hiyo na kwao hawatoshi, na darasa likiwa na watoto wa namna hiyo hata walimu wazuri hukubali kuja. Kisha akasema, "Tunachopata, mama, ni yeye."

Nilikaa na maneno hayo mchana kutwa. Sisi tunamjua Mwende anayeacha taulo sakafuni. Kuna mtu Alabama amekaa mezani, amesoma juu ya ufa wa jikoni kwako, akasema huyu tunamtaka.

Likizo ya Machi tulikwenda kuviona vyuo vyote viwili. Unaijua kazi yangu ya kutunza wazee majumbani. Nikipewa mgonjwa mpya sianzii sebuleni. Naanza mlango wa nyuma, naangalia taa za njiani, choo, jokofu, kisha namuuliza mtu wa nyumba: akianguka, nani anakuja? Ndivyo nilivyokagua vyuo. Wazazi wenzangu walifuata msichana wa kutembeza wageni wakatazama uwanja wa mpira. Mimi nilikuwa chumba cha kufulia, nafungua mashine moja moja. Mwende alijifanya hanijui.

Houston sina la kuikosoa. Taa zinawaka, vyoo visafi, na kwenye mkahawa nilimsikia binti akimwambia mwenzake kwa Kiswahili, "Acha ujinga wewe, mtihani ni kesho." Nikafurahi kama nimeokota kitu. Ni chuo kilekile ulichokuwa ukimwonyesha Mwende kwa kidole mkitoka hospitalini kwako. Fulana yake uliyomnunulia akiwa mdogo, iliyokuwa ikimfika magotini, bado anayo. Nilipita korido zile nikifikiri, hapa Mumbua angependa.

Alabama ni mbali. Tulipita Louisiana, tukapita Mississippi, misonobari huku na huku mpaka nikaanza kuhisi tunazunguka mahali pamoja. Kisha udongo kando ya barabara ukawa mwekundu. Mwende alimwomba Musyoka asimame, akashuka, akachukua donge, akalitemea mate na kulifinyafinya kati ya vidole. Magari ya mizigo yanapita, na sisi tumekaa pale na taa za dharura zinawakawaka. Musyoka akaniuliza polisi akija tutamwambia nini.

"Mwambie anasoma," nikamjibu.

Kwenye maabara yao tulimkuta mwalimu mmoja, mama wa makamo mwenye matope kwenye miwani. Alimwonyesha udongo uliokatwa kama mche wa sabuni, umewekwa ndani ya mashine inayoukandamiza taratibu mpaka unavimba katikati na kuvunjika. Akamwachia Mwende mkono wa mashine. Mwende akauliza kitu. Yule mwalimu akasita, akamwita mwenzake, wote watatu wakainama. Sikuelewa swali wala jibu. Nilichoelewa ni shingo yake, Dada. Alikuwa ameiinamisha kama wewe ulivyoinama ukitafuta mshipa wa mgonjwa, siku ile uliponiruhusu nikungoje kwenye wodi, na dunia nzima ingeweza kukuita usisikie.

Tukiwa njiani kurudi nikamuuliza anaonaje.

"Houston," akasema. Hakugeuka kutoka dirishani. "Nimeamua, Anti. Houston ni sawa."

Musyoka alifurahi kwa sababu ya ukaribu, akaanza palepale kupanga zamu za ziada kule ghalani anakofanya kazi. Mtoto aliyeufuatilia ufa mmoja mwaka hata mwaka hawezi kuamua jambo hili kabla hatujavuka mto Mississippi. Alijibu haraka mno. Nikakuwaza wewe na ile fulana, nikajiambia labda ndivyo inavyotakiwa kuwa, labda ni wewe umesema. Lakini hilo halikunitulia.

Kuna mtu hukumjua, Mama Furaha. Ni Mkongo wa Fort Worth, tunapokezana kwa mzee mmoja, mimi mchana na yeye usiku. Alitoka Kivu na watoto wake, akakaa kambini Uganda kabla ya kuletwa hapa, na hakuna kitu cha Marekani kinachomtisha ila bili ya umeme. Nilimweleza yote tukiwa mlangoni kwa mzee, mkoba wangu begani.

"Kwani kule Alabama hakuna batu?" akaniuliza.

Nikamwambia wapo, nimewaona, na chumba cha kufulia kizuri.

"Ndunge, weye! Umeuliza ofisi, umeuliza mwalimu wa matope, umeuliza mpaka mashini ya kufula. Mutoto mwenyewe ulisha kumuuliza?"

"Nilimuuliza. Alisema Houston."

"Hapana. Ulimuuliza ni wapi. Muulize ni kwa nini." Akanisukuma nje na kufunga mlango, mzee alikuwa anaita.

Nilimuuliza Mwende siku mbili baadaye, tukiwa uani tunalaza ule mpira. Nilidhani atanijibu kwa Kiingereza kama kawaida yake. Akanijibu kwa Kiswahili, polepole, akitafuta maneno, na hapo nikajua limetoka ndani.

"Mami hakutaka kupelekwa Kenya kwa sababu yangu. Nyanya alilia. Anko mkubwa alikataa kuongea na sisi. Mami akasema azikwe Houston ili mimi niwe naenda kumwona. Sasa nikienda Alabama, si atakuwa amebaki pale bure?"

Dada.

Nilikuwa nimeshika mpira na maji yanaingia viatuni. Kumbe hilo ndilo alilokuwa nalo. Tangu mazishi. Anakula na sisi, anaenda shule, anafanya mitihani, anainama juu ya ile mashine... na kumbe anakulipa kwa kukaa. Na mimi nafungua mashine za kufulia. Ningekuwa na wewe ungenikatiza mapema, ungesema fika, Ndunge, fika kwa mtoto.

Nikamwambia ninachokijua, kwa sababu nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa miguuni pako, nakusugua nyayo, na kaka yetu mkubwa yuko kwenye simu kutoka Machakos akisema hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kulala ugenini. Ulimwacha amalize. Ukasema, "Msinirudishe. Nizikeni mahali Mwende anaweza kuja akitaka." Ulikuwa umechoka, ukavuta pumzi, ukarudia: "Akitaka." Hukusema akae. Hakuna aliyekusikia ukisema akae. Mwende hakuwepo chumbani, alikuwa amekwenda kukununulia barafu ya kumumunya, na sisi tulimfikishia nusu tu ya habari.

Alisimama pale akinitazama kama anayeangalia kama nimetunga.

"Alabama ina barabara," nikamwambia. "Na mimi nina gari."

Akacheka, pua imejaa, akajifuta kwa mkono wa fulana. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. "Na wewe, Anti? Wewe unataka niende?"

Nilimwambia kweli. Sitaki. Nataka abaki chumba kile, aendelee kutupa taulo chini na kumfukuza Musyoka kwenye mpira. Nimeshakuzika wewe, na sasa nyumba itakuwa ya watu wawili wanaoangalia habari. Lakini nikamwambia pia kwamba kuna kitu nakitaka kuliko hicho. Nataka kujua atagundua nini. Ule udongo anaoufinya, nataka kujua una nini ndani, na mimi sina namna ya kujua ila yeye aende akaniambie.

Akasema atajibu Alabama, lakini kwanza akuambie mwenyewe.

Kwa hiyo jana tulishuka Houston, yeye akiendesha. Musyoka alikuwa kazini. Tulinunua maua ya manjano njiani, yale uliyosema yanadumu. Makaburini palikuwa na unyevu wa kwenu, ule unaoshika nguo mgongoni. Nilitembea naye mpaka kwenye njia ya kokoto, nikakusalimu, nikarudi kukaa kwenye gari na mlango wazi.

Nilimwona akichuchumaa. Aliongea muda mrefu. Mikono ilikuwa ikienda, inapanda na kukandamiza, nafikiri alikuwa akikueleza ile mashine. Kuna wakati aliacha kabisa, akaweka kiganja chini kwenye nyasi na kukiacha hapo. Kisha akaongea tena kidogo, akasimama, akajipangusa magoti. Alipofika kwenye gari alitoa simu, akabonyeza, akasubiri ukurasa ufunguke, akabonyeza tena. Akaniuliza kama nina njaa. Nikasema ninayo. Tukaenda kula samaki.

Basi ndivyo ilivyo, Dada. Agosti tunampeleka. Nyanya yake ameambiwa kwa simu, akauliza kama Alabama kuna baridi, na kama kuna kanisa, na nani atamsuka nywele. La nywele bado nalitafutia jibu.

Kuja kaburini kwako sasa ni kazi yangu. Nitakuja siku zangu za mapumziko, nitang'oa majani ya ukingoni ambako mashine yao ya kukata nyasi haifiki, na nitakueleza anachosoma hata kama sikielewi. Akirudi likizo, akitaka, tutakuja wote.

Jana tulirudi kaskazini saa nyingi ndani ya gari moja, na unanijua mimi. Maswali yalinijaa mdomoni toka Houston mpaka taa za Dallas zikaonekana. Sikumuuliza alikuambia nini. Hata wewe sikuulizi, na nakuahidi sitamuuliza hata akiwa mtu mzima. Liwe lenu.

Pumzika, dada yangu.

Mdogo wako,
Ndunge